Mbega na mangabei wa Tana: Majirani wa Ijara wanaokaribia kutoweka

JE, msomaji, watoto wakikuomba uwapeleke kuona kima siku ya Jumapili, utawapeleka wapi? Kwa familia nyingi za Nairobi jibu ni moja: makao ya wanyama yatima yaliyo karibu na lango kuu la Mbuga ya Taifa ya Nairobi, kando ya barabara ya Lang'ata. Makao hayo yalifunguliwa mwaka wa 1964, na wazazi wengi wa leo walipelekwa huko walipokuwa watoto wa shule. Watoto husimama mbele ya wavu, humcheka tumbili anayeruka, kisha hununuliwa soda na kurudi nyumbani.

Si vibaya. Lakini fahamu kwamba nchi hii ina kima wawili ambao hawapatikani porini mahali pengine popote duniani. Mmoja ni mbega mwekundu wa Mto Tana. Mwingine ni mangabei wa Mto Tana. Wote wawili huishi katika vipande vya msitu vilivyo kwenye kingo za mto huo, upande wa chini, kati ya Kaunti ya Tana River na eneo la Ijara katika Kaunti ya Garissa. Wataalamu wa kimataifa wamewaweka wote wawili katika daraja la hatari kubwa kabisa, daraja la mwisho kabla ya mnyama kutangazwa kuwa ametoweka porini.

Mbega mwekundu hasa si mnyama wa kufungiwa. Chakula chake ni majani machanga ya miti mbalimbali, na mbega wekundu wa kila aina wamewashinda watu waliojaribu kuwafuga. Kwa hiyo msitu wake ukiisha, hakuna bustani ya wanyama itakayomhifadhi. Hiyo ndiyo sababu ya makala haya.

Ijara si nchi kavu tupu

Ukitaja Garissa, mtu wa mjini huwaza jua kali, ngamia na vumbi. Hajakosea sana. Lakini Ijara, ambayo makao yake makuu ni mji wa Masalani, ina sura nyingine. Upande wa mashariki na kusini kuna msitu wa Boni. Katikati kuna nyika za Arawale, ambako serikali ilitenga hifadhi mwaka wa 1974 kwa ajili ya swara aina ya hirola. Upande wa magharibi unapita Mto Tana, mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, ukiwa umesafiri kutoka Mlima Kenya na safu za Aberdare kuelekea Bahari ya Hindi.

Mto huo ukishapita Garissa na kuingia tambarare, huanza kujipindapinda kama nyoka. Kila miaka kadhaa huacha mkondo wake wa zamani na kujichimbia mwingine. Katika mapindo hayo ndimo msitu ulimoota. Ni msitu mwembamba. Tembea mwendo mfupi kutoka ukingoni nawe utakuwa umerudi kwenye miiba na ardhi iliyopasuka. Vipande vingine ni vidogo kuliko shamba la mkulima wa kawaida, na vichache hufikia hektari mia kadhaa. Majina yake wenyeji wanayajua vizuri: Mchelelo, Baomo, Guru, Mnazini, Wenje, Hewani.

Namna ya kuwatambua

Kabla hujaenda, jifunze tofauti, maana msitu huu una wanyama wengi wa jamii hii. Wapo nyani wa kawaida, wapo tumbili, wapo kima wa rangi ya kijivu, na usiku hutoka komba wenye macho makubwa. Usikubali mtu akuonyeshe tumbili na kukuambia ni mangabei.

Mbega mwekundu wa Tana ana mgongo wa kijivu iliyokolea, na utosini ana nywele za rangi ya kutu, kana kwamba amevaa kofia. Huyo ni mkazi wa juu ya miti na huteremka chini kwa nadra sana. Ukimtazama mkono utaona kwamba kidole gumba ni kama hakipo, kimebaki kinundu tu. Hata jina kolobasi linalotumiwa na wataalamu latokana na neno la Kigiriki lenye maana ya aliyekatwa kiungo.

Tumbo lake nalo ni la ajabu. Limegawanyika vyumba kama la ng'ombe, na ndani yake mna vijidudu vinavyosaidia kuvunjavunja majani magumu. Ndiyo maana hapendi matunda yaliyoiva. Sukari nyingi ikiingia katika tumbo la namna hiyo huchacha na kumdhuru mwenyewe. Yeye huchagua majani machanga, machipukizi na matunda mabichi.

Mangabei ni kinyume chake. Ana manyoya ya rangi ya kahawia yenye umanjano, uso mweusi, na kope nyeupe zinazoonekana kila anapofumba macho. Nywele za kichwani zimegawanyika katikati kama zilizochanwa. Dume kubwa huwa na uzito wa kilo 10 hivi, na jike ni karibu nusu yake. Ana vifuko mashavuni vya kuwekea chakula, na ana meno imara yanayoweza kuvunja kokwa ambazo kima wengine huziacha. Muda wake mwingi huutumia ardhini, akipekua majani makavu na magogo yaliyooza ili kutafuta mbegu na wadudu.

Siku moja kando ya mto

Sasa tuseme umefika, una mlinzi mwenyeji wa kukuongoza, na umevaa nguo zisizong'aa. Fika msituni kabla ya jua kuchomoza. Saa kumi na mbili za alfajiri utasikia sauti nzito ikivuma kutoka juu ya miti mirefu. Hilo ni dume la mangabei, likiwajulisha majirani mahali kundi lake lilipolala. Kundi jingine hujibu kutoka mbali, na kwa njia hiyo kila kundi hujua pa kwenda na pa kuepuka bila kupigana.

Kutakapopambazuka vizuri, kundi litateremka. Kaa kitako, usiseme. Hesabu polepole. Kundi la mangabei linaweza kuwa na watu wa nyumba moja kubwa ya Kiafrika, yaani 20 au 30, na pengine zaidi makundi mawili yakikutana kwenye mti wenye matunda. Utaona watoto wakifukuzana, majike wakichambuana manyoya, na dume likiwa pembeni limekaa kama mzee wa baraza.

Saa tatu hivi inua macho juu. Ukiona mkia mrefu unaning'inia kwenye mkuyu na majani yakidondoka moja moja, hapo kuna mbega. Kundi lao ni dogo, mara nyingi halizidi 10 au 15, lenye dume moja au mawili. Usitarajie michezo. Mbega hula, kisha hukaa. Majani hayana nguvu nyingi na huchukua muda mrefu kusagika tumboni, kwa hiyo mnyama huyu hupumzika sehemu kubwa ya mchana. Mtoto aliyezoea televisheni atachoka baada ya dakika tano. Mwambie asubiri. Akisubiri nusu saa ataona mama akimnyonyesha mwanawe, ataona wawili wakikaa wamepakatana, na ataona namna mmoja anavyoruka kutoka mti hadi mti kwa mikono isiyo na gumba.

Adhuhuri msitu wote hunyamaza. Mamba huota jua kwenye mchanga, na viboko huzama hadi puani. Huu ndio wakati wa kutazama ndege, maana zaidi ya aina 200 zimeorodheshwa katika eneo hili. Alasiri mangabei huanza tena kutafuta chakula, na jua likielekea kuzama hupanda miti mirefu kulala. Wewe nawe ondoka kabla ya giza.

Ndugu walio mbali

Dunia ya wataalamu iliwafahamu wanyama hawa mwaka wa 1879, Mjerumani Wilhelm Peters alipowaeleza wote wawili katika maandishi ya kisayansi. Wapokomo, Waorma, Wamunyoyaya na Wasomali, bila shaka, walikuwa wanawajua tangu zamani.

Jambo la kushangaza ni kwamba ndugu zao wa karibu hawako jirani. Mbega mwekundu mwingine yuko Unguja katika msitu wa Jozani, ambako huitwa kima punju. Mwingine yuko milima ya Udzungwa, Tanzania. Mangabei naye ana ndugu hukohuko Udzungwa, anayeitwa mangabei wa Sanje, ambaye wataalamu walimgundua mwaka wa 1979 tu. Wengine wako mbali zaidi, katika misitu ya Kongo na Afrika Magharibi.

Walifikaje Tana? Wataalamu wanaeleza kwamba zamani za kale, hali ya hewa ilipokuwa na mvua nyingi, msitu ulitanda kutoka Kongo hadi pwani yetu. Nchi ilipokauka, msitu ulirudi nyuma na kuacha visiwa vya kijani hapa na pale. Kingo za Tana ni kimojawapo cha visiwa hivyo, na kima hawa ni abiria walioachwa na gari.

Msitu unaolishwa na mafuriko

Mvua ya Ijara pekee haiwezi kulisha msitu wa namna hii. Kinachoulisha ni mto. Mto unapofurika, maji husambaa, huacha udongo wenye rutuba, na kujaza maji yaliyo chini ya ardhi ambako mizizi hunywa. Mikuyu na miti mingine huota upya kwenye udongo huo mpya. Mafuriko yakikosekana miaka mingi, miti mikongwe hufa na michanga haizaliwi.

Hapa ndipo wewe wa mjini unapoingia. Taa unayosomea gazeti hili huenda inatokana na Tana. Mabwawa ya Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere yote yamejengwa juu ya mto huo. Masinga, ambalo ndilo hifadhi kubwa ya maji, lilikamilika mwaka wa 1981. Hata maji unayooga Nairobi, sehemu yake kubwa hutoka bwawa la Ndakaini kwenye Mto Thika, na Mto Thika humwaga maji yake Tana. Mabwawa haya yamepunguza nguvu na idadi ya mafuriko huku chini.

Hakuna anayesema mabwawa yabomolewe. Aidha, hakuna anayesifu mafuriko yanayobeba watu. Wakazi wa Garissa na Tana River hawajasahau mvua za El Nino za 1997 na 1998, wala maji yaliyowahamisha mwishoni mwa 2023 na tena mwaka wa 2024. Lakini maji yanaweza kufunguliwa kwa mpango, kwa kiasi na kwa wakati unaojulikana, ili msitu, malisho na mashamba ya mpunga yapate fungu lake. Wanaopanga mabwawa mapya wanapaswa kulikumbuka jambo hilo.

Panga, moto na mkindu

Maji si tatizo pekee. Wakulima hufyeka msitu wapate ardhi yenye rutuba, kwa kuwa nje ya ukingo huo mahindi na migomba haishiki. Wafugaji nao, ukame unapowabana, hupeleka mifugo mtoni kupitia njia ziitwazo malka. Kati ya 2020 na 2023, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosekana. Mfugaji ambaye ng'ombe wake wanakufa, utamwambiaje asikate matawi ya mti wa kijani?

Kuna mkindu pia. Mti huu hutoa makindu, ambayo mangabei huyapenda mno, hasa miti mingine inapokosa matunda. Binadamu naye hutumia makuti yake kusuka mikeka na vikapu, mashina yake kujengea, na utomvu wake kugema tembo. Mtafiti Margaret Kinnaird, aliyekaa Tana mwishoni mwa miaka ya 1980, alionyesha kwamba watu na mangabei wanashindania mti mmoja. Anayegema bila uangalifu huua mti, na mti mmoja uliokufa ni chakula cha kundi zima kilichopotea.

Msitu unapokatwa vipande, mbega ndiye huumia zaidi. Mangabei anaweza kuteremka na kuvuka uwanja hadi kipande kingine. Mbega hujikuta kisiwani. Wanasongamana wengi mahali padogo, na utafiti wa Mkenya David Mbora umeonyesha kwamba msongamano na shughuli za watu huongeza minyoo na vimelea miilini mwao.

Jambo moja limewasaidia. Wengi wa wakazi wa eneo hili ni Waislamu na hawali nyama ya kima. Katika misitu ya Afrika Magharibi, ambako nyama hiyo huuzwa sokoni, baadhi ya mbega wekundu wamekaribia kumalizwa kwa bunduki. Huku kwetu adui ni panga, wala si sufuria.

Hesabu yao ni ndogo. Mwaka wa 1994, makadirio yalikuwa mbega kati ya 1,100 na 1,300, na mangabei kati ya 1,000 na 1,200. Makadirio ya karibuni yanasema mbega wamepungua chini ya 1,000. Mwanafunzi, fikiria gwaride la asubuhi katika shule kubwa ya upili. Mbega wote wa Tana duniani wangeweza kusimama katika uwanja huo na nafasi ikabaki.

Sheria bila wenyeji

Serikali iliunda Hifadhi ya Kitaifa ya Nyani ya Mto Tana mwaka wa 1976, yenye ukubwa wa kilomita 169 za mraba hivi. Katika miaka ya 1990 kulikuwa na mradi uliofadhiliwa kupitia Benki ya Dunia, ambao sehemu yake ilikuwa kuwahamisha wakulima waliokuwa ndani. Wengine walikubali, wengi walikataa. Walisema babu zao walizikwa pale na kwamba kima hao wamedumu hadi leo kwa sababu wao wenyewe waliutunza msitu. Shauri lilifika Mahakama Kuu, na mwaka wa 2007 ikaamuliwa kwamba hifadhi hiyo haikuundwa kwa kufuata sheria, kwani wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo.

Funzo lake ni wazi. Mama anayelinda mahindi yake usiku dhidi ya nyani hawezi kuambiwa kwamba mnyama ana thamani kuliko mtoto wake. Asipopata faida yoyote katika msitu, atauona kuwa adui.

Ijara yaonyesha njia

Upande wa mashariki wa mto, Wasomali wa Ijara wamejaribu njia nyingine. Wakazi wa Hara, Korisa na Kotile walitenga sehemu ya ardhi yao wakaunda hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, kwa ushirikiano na muungano wa hifadhi za jamii wa Northern Rangelands Trust. Ardhi ni yao, na walinzi ni vijana wao.

Wengi huijua Ishaqbini kwa sababu ya hirola. Swara huyo alikadiriwa kufikia 14,000 katika miaka ya 1970, na leo wamebaki chini ya 500. Mwaka wa 2012 wanajamii na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) waliwaingiza hirola 48 katika boma kubwa lililozungushiwa ua wa kuzuia simba na fisi, nao wakaanza kuzaana. Lakini hifadhi hiyo inagusa pia msitu wa Tana, na ndani yake mna mbega na mangabei. Mlinzi anayemlinda hirola asubuhi ndiye anayemkemea mkata miti jioni. Mfugaji akiona mwanawe ameajiriwa na mlinzi, au karo imelipwa kutokana na wageni, huanza kumtazama mbega kwa jicho jingine.

Familia yako ifanye nini?

Kwanza, ukipanga kwenda, usikurupuke. Uliza KWS na wasimamizi wa Ishaqbini kuhusu hali ya usalama na barabara, kwani upande wa Boni umewahi kuwa na matatizo na mvua hukata njia. Miezi ya kiangazi ni bora. Chukua mlinzi mwenyeji na umlipe haki yake. Beba darubini, maji na kofia. Usiwape kima chakula, kwani watazoea kuvamia mashamba, na usikaribie ukiwa na mafua, kwa sababu magonjwa yetu huwaambukiza.

Pili, kama safari ni ndefu mno, anzia karibu. Huko Diani, pwani ya kusini, utaona mbega weusi kwa weupe. Msitu wa Karura una kima. Mfundishe mtoto kukaa kimya nusu saa na kuandika anachoona: idadi, chakula, nani anamchambua nani. Hivyo ndivyo watafiti wa Tana walivyoanza.

Tatu, tunza maji na umeme. Tone unalookoa Nairobi ni tone la mto uleule.

Nne, wewe mwanafunzi, kumbuka kwamba mambo mengi tunayoyajua kuhusu kima hawa yaliandikwa na wageni, ingawa Wakenya sasa wanaongezeka. Nafasi ipo kwa kijana wa Masalani au wa Eastleigh kusomea wanyamapori na kuja kutuandikia yaliyobaki.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tembo na simba wana watetezi duniani kote, na wakipungua Kenya bado wako nchi nyingine. Mbega wa Tana na mangabei wa Tana hawana nchi nyingine. Wakiisha hapa, wameisha.